Unga Mlangoni Mwetu

Margali 1

Mwezi umeanza leo, na mimi naanza daftari hili. Baba Yazhini, mume wangu, alinipa kabla hajapanda lori. Alisema, "Andika kila siku, hata mstari mmoja. Nikirudi nitasoma nijue mlikula nini na mama alikugombeza mara ngapi." Nikamwambia mimi niliishia darasa la nane, mwandiko wangu ni kuku kaparua. Akasema yeye mwenyewe kazoea kusoma vibao vya barabarani tu, kwa hiyo tutaelewana.

Amepeleka mchele Vijayawada. Akirudi atapitia kule wanakopika sukari guru nyeusi, atuletee ya wali wa Pongali. Mwezi huu ukiisha tu, ni sikukuu ya mavuno, Pongali.

Nimeamka mapema, nikafagia mbele ya mlango, nikanyunyiza maji ya samadi, nikachora kolamu, lile pambo la unga wa mchele la kila asubuhi. Mama mkwe alikuwa ameketi barazani kajifunika blanketi hadi masikioni. Yeye ni mjane, hajagusa unga wa kolamu tangu baba mkwe alipofariki, na watu husema mtaa huu haujapata mkono mwingine kama wake. Kwa hiyo mkono ni wangu, mdomo ni wake.

"Huo mstari ni wa nani?"

"Wangu, Mama."

"Unayumba kama mlevi anayetafuta kwao."

Nilicheka, yeye hakucheka. Mimi nilizaliwa kwenye tanuru la matofali. Mlango wetu ulikuwa gunia, na nje ya gunia kulikuwa na majivu. Mama yangu mzazi angechora wapi? Nimejifunza kushika unga baada ya kuolewa.

Katikati nimeweka donge la samadi na ua la boga juu yake, kama mwezi huu unavyotaka. Ua lilikuwa zuri. Kolamu ilikuwa hivyo hivyo.

Margali 2

Mvua. Kolamu imeondoka hata Yazhini hajaamka. Mama anasema ikifutwa na mvua si neno, mradi ilichorwa.

Margali 4

Vedavalli wa nyumba ya mbele kachora tausi mwenye mkia wa rangi saba. Wanawake waliokuwa wakirudi hekaluni wakasimama wote kwake. Kwetu wakapita kando tu, ili wasikanyage.

"Mama Yazhini," akaniita kutoka ng'ambo, "njoo nikuazime rangi. Nyeupe tupu kila siku utafikiri mko hospitali."

Mama akajibu kabla yangu, toka barazani. "Rangi zako ni mawe yaliyosagwa. Sisimizi watakula mawe?"

"Sisimizi wa kwako, mama, wamenenepa kama makuhani."

"Ndiyo maana hawaji kwako kuomba."

Wakacheka wote wawili. Ndivyo walivyo, kila asubuhi wanarushiana maneno. Zamani nilidhani ni ugomvi.

Baadaye nikamuuliza Mama kwa nini tusipake rangi angalau siku moja. Akanitazama kama anayemtazama mtoto. Akasema unga wa mchele ni sadaka ya kwanza ya siku. Kabla mtu wa nyumbani hajatia kitu mdomoni, kiumbe mdogo kuliko wote awe ameshakula mlangoni kwako. Maua na mafundo ni namna ya kuandaa sahani.

Margali 5

Baba Yazhini amepiga simu. Ameshashusha mchele, ameshapakia, anarudi. Anasema mbingu ya huko haimpendezi. Yazhini akalamba simu. Baba yake alicheka sana alipoambiwa.

Margali 6

Redio inasema kimbunga. Si kwetu, ni juu kaskazini, kwenye ile njia.

Margali 7

Simu yake haipatikani. Nimechora kolamu kubwa kuliko ya jana. Sijui kwa nini, mkono ulikataa kusimama.

Margali 8

Haipatikani.

Margali 10

Jana sikuweza kuandika.

Shemeji Dhanasekar, kaka yake mkubwa, alikuja asubuhi bila kuchana nywele. Anakaa mtaa wa nyuma ya bwawa, na kwa kawaida hafiki kwetu ila akiwa amevaa shati la pasi. Aliketi barazani akawa anaangalia mikono yake. Lori limeonekana. Mto umekata daraja upande wa Nellore na lori liko ndani ya maji, limelala ubavu. Utingo, yule kijana wa watu aliyependa kumbeba Yazhini mabegani, amepatikana kwenye miti, amekufa. Dereva hayupo.

"Hayupo maana yake nini?" nikauliza.

"Maana yake hayupo, shemeji. Hawajamwona."

"Basi yupo."



Tukaenda kituo cha polisi mjini kutoa taarifa. Polisi akaniuliza jina la mume. Nikakaa kimya. Sijawahi kulitamka jina lake tangu nimeolewa, na mwanamke wa kwetu halitamki, kwani kulitaja ni kama kuyakata maisha yake. Polisi akadhani sisikii, akapaza sauti. Nikaona hivi: siku zote sijalitaja, nije kulitaja leo, leo ambayo maisha yake yananing'inia? Nikamtazama Mama. Mama akasogea mezani akalisema yeye, herufi moja moja, kama anayehesabia mtoto vidole. Polisi akaandika.

 Tulipofika mlangoni Mama akatazama kolamu yangu ya asubuhi, ambayo sisimizi walikuwa wameshaila upande mmoja.

"Kesho chora," akasema.

"Nitachora, Mama."

"Sikiliza nikwambie. Nyumba yenye maiti haichorwi. Nyumba inayochorwa haina maiti. Mtaa mzima unajua kusoma hilo, hata wasiojua kusoma. Umenielewa?"

Nimeelewa.

Margali 11

Nimechora.

Margali 12

Nimechora. Mvua ikafuta, nikachora tena.

Margali 13

Wanawake wanaotoka hekaluni siku hizi hawasimami kwa Vedavalli. Wanapunguza mwendo mbele ya mlango wetu. Wanaangalia chini, kisha wananitazama usoni, kisha wanaangalia chini tena. Sikupenda macho yao. Mmoja aliyebeba taa ya shaba nilimsikia akimwambia mwenzake, "Ana moyo wa jiwe, huyu." Mwenzake akasema, "Si jiwe. Ni utoto."

 Vedavalli ameacha tausi. Amechora kolamu nyeupe, ndogo, akaingia ndani.

Margali 15

Yazhini ametamka "Appa" kwa mara ya kwanza, yaani baba. Alikuwa akimwambia mbuzi. Nitamsimulia akirudi. Nimecheka kidogo, kisha nikaenda nyuma ya nyumba.

Margali 16

Shemeji amerudi kutoka Nellore. Amezunguka vyumba vya maiti vya wilaya nzima. Hakuna. Nikasema si nilisema. Akanitazama kwa macho mekundu, akaomba maji tu.

Margali 18

Leo nimemchukia mtu.

Shemeji alikuja na kuhani. Binti yake Nithila anaolewa mwezi ujao wa Tai, mambo yote yameshapangwa. Upande wa bwana harusi wanauliza: nyumba yenu ina msiba au haina? Kama ina, ifanyiwe taratibu, siku za uchafu ziishe, harusi iendelee. Kama haina, mtu yuko wapi?

Kuhani akaeleza taratibu kwa sauti laini, kama muuza vitambaa. Mtu asipoonekana mwili, inafungwa sanamu ya nyasi takatifu, urefu wa mtu. Inaombewa, inachomwa, majivu yanakwenda mtoni. Imeshakwisha.

Mama alikuwa anamlisha Yazhini uji. Hakugeuka. "Mimi nilizaa mtoto," akasema. "Sikuzaa nyasi."

"Mama," shemeji akasema, "na kama yuko huko kwa wafu, ana njaa, hana aliyemmiminia hata maji? Hilo hulifikirii?"

"Nafikiria. Kila siku, kabla sijameza tonge."

"Basi unaifunga nyumba yangu kwa unga. Huyu anachora, wewe unamtuma, na mwanangu anakaa ndani na sari ya harusi kwenye sanduku."

"Nithila ana mama, ana baba, ana sari. Hawa wawili," akanionyesha mimi na mtoto kwa kijiko, "wana mlango tu. Waachie."

Shemeji akaondoka. Alikanyaga kolamu yangu akitoka, kisigino kizima, juu ya ua. Nilisema moyoni maneno ambayo siyaandiki, kwa sababu Baba Yazhini atasoma na huyu ni kaka yake.

Margali 19

Nimechora. Baridi, ukungu mzito, sikuona nyumba ya Vedavalli. Nilisikia tu akifagia.

Margali 22

Haya ni ya jana, naandika leo nikiwa nimeegemea ukuta.

Juzi jioni nilianza kutetemeka. Nadhani ni mvua, na nguo kukauka mwilini. Nililala na Yazhini kifuani, na nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshaingia dirishani, jeupe. Mwili mzima ulikuwa moto. Nikasikia sauti za wanawake nje, nyingi, na mmoja analia kwa mtindo ule wa kulia wenye maneno ndani yake. "Ewe dereva wetu, ewe uliyetuletea chungwa kila safari." Nikajua mara moja nilichofanya. Sikuamka. Mlango haukuchorwa.

Mama naye, kumbe, alikuwa amekesha usiku kucha akinikanda kwa kitambaa cha maji, usingizi ukamchukua alfajiri. Hakuna aliyefagia, hakuna aliyenyunyiza maji. Mtaa uliamka ukaona kizingiti chetu kikavu, kitupu, ukasoma.

Nilijikokota hadi mlangoni nikishika ukuta. Nje walikuwa wamejaa. Wengine walishafungua nywele. Yule mwenye taa ya shaba alikuja na shada la maua ya manjano. Hata wale wapiga ngoma za msiba walikuwa wamefika kutoka upande wa shamba la miwa, wamesimama pembeni na ngoma zao, wanasubiri kuambiwa waanze. Vedavalli alikuwa mbele ya wote. Ndiye aliyelia maneno yale. Aliponiona nimesimama na bangili zangu na tiki nyekundu kwenye paji la uso, alama za mwenye mume, akanyamaza, mdomo wazi.

"Habari imeletwa na nani?" akaniuliza.

"Habari gani?"

"Mama Yazhini, mlango..." Akaonyesha chini.

Nilitaka kusema nina homa.  Nikaona tu vile watu wameshamzika, kwa asubuhi moja, kwa sababu ya usingizi wangu. Nikakaa chini.

Hapo Mama akatoka. Alikuwa bado na kitambaa cha maji begani. Akawatazama, nywele, shada, ngoma.

"Nani kafa?"

Mwenye shada akalishusha.

"Nauliza. Mmekuja msibani, nani kafa?"

Mzee wa ngoma akakohoa. "Mama, tuliambiwa tu..."

"Mliambiwa na nani? Na sakafu?"

Akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Akarudi na ufagio, ndoo, na kopo la unga. Akafagia pale pale, wanawake wakiruka miguu yao. Akanyunyiza maji. Kisha akakunja sari yake nyeupe kiunoni, akainama toka nyongani, magoti yamenyooka, mgongo wake ule ambao kila siku unalalamika. Akachota unga kwa vidole viwili.

"Mama Kuppammal," mwanamke mmoja akasema polepole, "wewe ni mjane. Mkono wa mjane..."

"Mjane ni mimi," Mama akasema, bila kuinua kichwa. "Mkwe wangu si mjane. Ana homa."

Akaanza.

Sijui niandike vipi. Unga ulikuwa unatoka kwenye vidole vyake kama uzi unaotoka kwenye kisokoto. Hakuweka kwanza nukta za kuzungushia mstari, nukta alikuwa nazo kichwani. Mstari mmoja, ukaenda ukazunguka, ukajipitisha juu yake wenyewe, ukapotea, ukarudi kutoka upande usioutegemea. Jua lilikuwa juu, saa ambayo hakuna mwanamke wa heshima anayechora. Mtaa wote umesimama.  Mkono wake ulisimama mara moja tu, ulipofika mahali pa kufunga, pale mwisho wa mstari unapoukuta mwanzo wake. Akapumua, akafunga.

Akanyoosha mgongo. "Haya. Aliyeleta maua ayapeleke hekaluni, yasipotee bure. Na nyie wa ngoma, kunyweni kahawa kabla hamjaenda, mmetembea mbali."

Vedavalli alianza kufunga nywele zake. Alikuwa bado analia, lakini bila maneno. Alikaa akakoroga uji, akanilisha kama mtoto.

"Nimekulilia mumeo," akaniambia kwa sauti ya chini. "Utanisamehe?"

"Umemlilia vizuri," nikamwambia. "Nitamwambia uliyasema machungwa."

Margali 23

Homa imepungua. Mama amechora tena. Mimi nilibeba ndoo.

Margali 25

Sasa tunachora wawili. Amenifundisha fundo lake, lile la mstari mmoja. Alifundishwa na mama yake, ambaye alifundishwa na shangazi yake kipofu. Siri yake, anasema, ni kwamba usitazame unga unapoangukia, utazame unakokwenda. Nimejaribu kwenye ua wa nyuma. Mara ya kwanza mstari wangu ulijifungia mapema na kuacha nukta nyingi nje, zikiwa kama watoto waliofungiwa mlango.

"Rudia," akasema.

Nikarudia hadi kiuno kikakataa.

Tukiwa tumekaa nikamuuliza kwa nini aliacha siku zote hizi mkono kama ule. Akasema, "Nani alikuwa ameniruhusu?" Kisha akawa anaokota mawe kwenye dengu. "Siku baba yenu alipofariki, walinifuta tiki, wakanivua bangili, wakaniambia usiguse unga. Nikatii. Nilidhani nikitii vizuri nitaacha kuumia. Asubuhi zote hizo nakaa hapo barazani, vidole vinajikuna."

Kumbe alipokuwa ananigombeza mstari, ilikuwa vidole vinavyojikuna. Na mimi nilikuwa namwandika humu kama mama mkwe mkali. Ningefuta, lakini Baba Yazhini anamjua, atacheka.

Margali 26

Mke wa shemeji alipita kuchukua maji. Kaniambia mumewe amesafiri tena. Hii ni mara ya tatu, na hakutuambia. Anakwenda vijijini kando ya mto, nyumba kwa nyumba, na picha ya mdogo wake. Analala kwenye vituo vya basi. Juzi alirudi na miguu imevimba, akasema, "Nikimpata nitamchapa makofi, halafu nitambeba mgongoni hadi nyumbani."

Nikaingia ndani nikatafuta yale maneno niliyosema moyoni siku ya Margali 18. Nimeyarudisha yote.

Margali 28

Jua zuri. Maji yanapungua, redio imesema. Watu wanapaka chokaa kuta kwa ajili ya Pongali. Vedavalli kaniletea bakuli la chokaa iliyobaki, akaniambia, "Paka, mlango usimuaibishe mtu akifika." Akifika, alisema. Nimepaka hadi jioni. Yazhini ana chokaa hadi kwenye nyusi.

Nimefunga fundo la Mama bila kuacha nukta hata moja.

Margali 29, siku ya Bhogi

Siku ya kuchoma vitu vikuukuu. Tuliamka kabla ya jogoo, moshi wa mikeka na mifagio ya mtaa mzima ukiwa puani. Nilimwomba Mama aniachie mlango wote leo, nichore peke yangu. Akakubali. Akaketi barazani na mtoto.

Nikachora fundo kutoka kizingitini hadi kwenye mtaro, mtaa wote upana wake. Sikuyumba. Ukungu ulikuwa unapanda, na unga ulionekana kama unawaka. Nikapaka udongo mwekundu kandokando. Nikaweka ua la boga. Nilipofunga mstari nikageuka kumtazama Mama, akaniinamishia kichwa mara moja, kama mtu anayelipwa deni.

Nikamwona shemeji.

Alikuwa amesimama ukingoni mwa kolamu, upande wa mtaroni. Shati lake lilikuwa chafu, na alikuwa ameshika kitu kwenye leso. Sijui alisimama hapo tangu lini. Alikuwa akinitazama nikichora.

"Karibu, shemeji," nikasema. "Pita."

Hakusogea.

"Pita tu. Mguu wa mgeni hauharibu."

"Siwezi kuikanyaga," akasema.

Yule aliyeikanyaga siku ile kwa kisigino. Hapo nilijua. Nilijua yote, na bado nilisema kitu cha kijinga, nilisema, "Nitakuchorea njia." Nikainama nikaanza kufuta kwa kiganja, pembeni, nimfungulie kanjia kadogo ka kupita. Akaanza kulia, mwanamume mzima, amesimama nje ya ua la unga kama mtoto aliyekatazwa.

Wakulima wa kule kando ya mto walikuwa wanaondoa matope kwenye shamba lao la miwa, wakamkuta. Kwenye leso kulikuwa na ule uzi wa fedha wa kiunoni, ambao baba yao aliwafunga wote wawili wakiwa wachanga. Shemeji ana wake. Alifungua shati akatuonyesha, kama vile tungebisha.

Mama alinipa mtoto. Akashuka barazani. Akachukua ndoo, maji yaliyobaki ya kunyunyizia. Nilitaka kumzuia, mkono haukunyanyuka. Akamwaga, polepole, akianzia kizingitini, akirudi nyuma hatua kwa hatua hadi mtaroni alipo mwanawe, na unga ukaenda na maji, mweupe kwanza, kisha kijivu, kisha hakuna. Ua la boga likaelea hadi kwenye miguu ya shemeji.

"Sasa pita," akamwambia.

Vedavalli alikuwa mlangoni kwake na kolamu nusu. Akaweka kopo chini. Hakumaliza. Nyumba moja baada ya nyingine, mtaa mzima, waliokuwa hawajachora hawakuchora.

Tai 1

Pongali. Kwetu moto haukuwashwa.

Tai 4

Walikuja wanawake kunivunjia bangili. Mama akasimama mlangoni. "Zitavuliwa, hazitavunjwa," akasema. "Nami ndiye nitakayemvua, kwa mafuta. Na hakuna atakayemwambia nini asiguse." Wakanung'unika, wakaketi. Alinivua moja moja, akizungusha, akinishika mkono kama anayemtoa mtoto mwiba. Amezifunga kwenye leso ile ile. Anasema ni za Yazhini.

Nithila naye alikuja akalala nami. Harusi imesogezwa mwakani. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Mama mdogo, usinichekeshe," akalia.

Tai 6

Mwaka mzima hatutachora. Ndivyo ilivyo, na sipingi. Lakini mwili haujui. Leo nimeamka saa ile ile, nimefagia, nimenyunyiza maji, nikajikuta nimeshika kopo.

Mama alikuwa barazani. "Rudisha," akasema, lakini bila ukali.

Nikatazama chini nione kizingiti kitupu kilivyo, na hakikuwa kitupu. Sisimizi walikuwa wamekuja. Mstari mrefu kutoka kwenye ufa wa ukuta, wanafika pale palipokuwa na fundo, wanazunguka, wanagusana vichwa, wanarudi mikono mitupu. Wengine walifuata kabisa njia ya mstari wa zamani, ule wa Bhogi, kwenye zege lisilo na kitu. Nikamwonyesha Mama. Akashuka akachuchumaa karibu yangu, akawatazama muda.

"Hawa hawajaambiwa," akasema.

"Wanadhani tumewasusa."

Akachukua kopo mkononi mwangu. Akatia mkono, akatupa unga chini, ovyo, kama unavyowatupia kuku. Hakuna nukta, hakuna mstari. "Hii si kolamu," akasema kwa sauti, labda kwa mtaa, labda kwa Mungu. "Ni chakula."

Yazhini alitambaa akatoka. Akaona unga. Akaweka kidole, akakinyanyua, akaona amebakiza alama. Akaweka tena, pembeni ya ile ya kwanza. Na tena. Akatutazama sisi wawili aone kama atagombezwa.

Mama alitazama barabarani. Mimi nilitazama barabarani.

Kathirvel. Nimeliandika jina lako, sasa haliwezi kukudhuru. Ulisema utasoma ujue tulikula nini. Leo tumekula uji wa chumvi. Mama hajanigombeza hata mara moja. Mtoto wako ameweka nukta zake mlangoni, zimepinda, na hakuna aliyezifuta.